Kazi ya Kusema "Bado"

Wasikilizaji wangu wa Kamembe, wa Gihundwe, wa Bugarama, na nyinyi majirani wa Bukavu mnaotusikiliza bila kuonyesha kitambulisho mpakani:

Leo nina habari ya kazi moja ya ajabu. Kuna watu duniani wanaoajiriwa, wanalipwa mshahara, wanapandishwa cheo, wanazeeka na kustaafu kwa heshima zote, na kile walichoajiriwa kukitafuta hakijawahi kuonekana hata mara moja. Mvuvi wa hapa Cyangugu akirudi siku tatu mfululizo mtumbwi mtupu, nyumbani wanaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Hawa wamerudi watupu kwa zaidi ya nusu karne, na vyuo vikuu vinaendelea kuwafungulia idara.

Wanaitwa wanaastrobiolojia. Kazi yao ni kutafuta dalili za uhai nje ya dunia hii: kwenye Mirihi, kwenye miezi ya Mshtarii na Zohali, na kwenye sayari zinazozunguka nyota za mbali. Msiwafikirie watu wa sinema wanaongoja wageni wenye vichwa vikubwa. Wengi wao ni wanakemia, wanajiolojia na wataalamu wa vijiumbe, na wengi wanatafuta kitu kidogo kuliko chembe ya vumbi.

Hoja yangu leo ni fupi. Ustadi wa watu hawa uko katika kushuku. Wanachofundishwa miaka yote ile ni namna ya kutodanganyika, hasa na matumaini yao wenyewe. Na mahali pazuri pa kuuelewa ustadi huo ni hapa hapa, kwenye maji tunayoyatazama kila asubuhi.

Tuanze na ziwa. Sisi watu wa Rusizi, Rwanda, tunalijua Ziwa Kivu kwa juu. Tunaijua mitumbwi ya samaki wa sambaza inayotoka jioni, mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikitangulia, wavuvi wakipokezana wimbo mpaka giza linawameza. Tunalijua daraja la mpakani, pale maji yanapotoka ziwani na kuwa mto Rusizi, yakishika njia ya kwenda Tanganyika. Tusichokijua sana ni chini. Sambaza mwenyewe, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, hashuki mbali. Ukifika mita 60 hivi, na majira ya mvua hata kabla ya hapo, oksijeni inakwisha, na samaki hana tena la kufanya huko. Lakini upande wa kaskazini ziwa linakwenda chini mpaka mita 485. Sehemu yote iliyobaki ni giza, haina oksijeni, na imejaa gesi iliyoyeyuka majini: kilomita za ujazo kama 300 za kabonidioksaidi, na kama 60 za methani.

Mtafiti anapoteremsha chupa ya kuchotea maji mpaka mita 300 kisha akaivuta, maji yaliyokuwa yametulia kule chini yanaanza kutoa mapovu njiani, kwa kuwa mgandamizo unapungua. Yakifika mashuani yanafoka povu na kutoa harufu ya yai viza. Methani iliyomo ndiyo inayoendesha mtambo wa KivuWatt kule Karongi, megawati 26, tangu mwaka 2016. Na gesi hizo za chini ndizo zinazotufanya tulichunge ziwa letu, maana tunakumbuka Ziwa Nyos la Kamerun lilivyotapika kabonidioksaidi usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu kama 1,700.

Sasa swali: methani yote hiyo imetengenezwa na nani? Kaskazini ya ziwa tuna Nyiragongo na Nyamuragira, volkano zilizo hai, na majirani wa Goma wanayajua vizuri mazuku, zile hewa nzito zinazotoka ardhini na kuua mbuzi na watu kwenye mabonde. Je, methani nayo ni pumzi ya volkano? Au ni kazi ya viumbe?

Swali hilo likiulizwa Kivu, ni la mtaalamu wa maziwa. Likiulizwa Mirihi, ni la mwanaastrobiolojia. Kipimo ni kimoja. Kaboni iko ya aina zaidi ya moja: nyingi ni kaboni 12, na takriban moja katika kila mia ni kaboni 13, nzito kidogo. Kiumbe hai hupendelea ile nyepesi, kwa sababu inaunganika na kuachana kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo methani iliyopita mikononi mwa vijiumbe huwa na upungufu wa kaboni 13. Ukipima upungufu huo, umepata alama ya vidole.

Alama ya Kivu ilisomwa polepole. Mwaka 1935 mtaalamu wa Kibelgiji, Hubert Damas, alipima maji na kushangaa kuona kwamba chini kuna joto kuliko katikati. Gesi ikafahamika, watu wakaanza kuivuna kidogo kule Gisenyi miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 wakaja watafiti wengine, miongoni mwao Mjerumani Klaus Tietze, wakapima upya kila kitu. Mwaka 1988 yeye na wenzake Schoell na Schoberth wakachapisha jibu lao. Methani ya Kivu, walisema, ni kazi ya vijiumbe. Lakini sikiliza sehemu ya pili: kama theluthi mbili yake vijiumbe wameitengeneza kwa kabonidioksaidi, na sehemu kubwa ya kabonidioksaidi hiyo imetoka chini ya volkano. Theluthi inayobaki ndiyo imetokana na mwani na mabaki mengine yaliyozama na kuoza.

Umeona shida ilivyo? Jibu la "volkano au uhai?" likawa "vyote viwili". Volkano imeleta malighafi, vijiumbe wakafanya kazi. Na kulipata jibu hilo kumechukua zaidi ya miaka 50, kwenye ziwa ambalo unafika kwa basi, unakodi mashua, unachota maji kadiri upendavyo, na jioni unakula sambaza za kukaanga.

Twende Mirihi sasa, mahali pasipo na basi. Mwaka 2004 watafiti wa chombo cha Ulaya, Mars Express, walitangaza kwamba wameona methani kidogo katika hewa ya sayari hiyo. Magazeti yakashangilia. Miaka ikapita. Gari la NASA liitwalo Curiosity, linalotambaa ndani ya kreta ya Gale tangu 2012, likanusa kwa mwanga wa leza: siku nyingi karibu hamna kitu, siku nyingine methani inapanda, na Juni 2019 ikafika sehemu 21 katika bilioni. Wakati huo huo juu angani kulikuwa na chombo kingine, Trace Gas Orbiter, cha Ulaya na Urusi, kilichotengenezwa mahsusi kwa gesi za namna hiyo. Kilianza kupima mwaka 2018. Kikatafuta, kikatafuta, hakikuona kitu. Kama methani ipo, kikasema, haizidi sehemu 0.05 katika bilioni.

Vyombo viwili vizuri, majibu mawili yasiyopatana. Mwanasayansi wa NASA mwenyewe, Kevin Zahnle, akauliza swali ambalo mwenye gari halipendi: je, gesi hiyo haivuji kutoka kwenye gari lenyewe? Wengine wanatafuta maelezo katika saa za usiku na mchana, wengine katika udongo. Na hata kama methani ingethibitika, bado kuna mawe yenye madini ya olivini ambayo yakikutana na maji ya moto hutengeneza hidrojeni, na hidrojeni ikikutana na kabonidioksaidi huweza kutengeneza methani bila kiumbe chochote kuhusika. Kwa hiyo jibu la Mirihi mpaka leo ni neno moja: bado.

Sasa niwaambieni habari ya mtu mmoja aliyekataa kusema "bado". Jina lake Gilbert Levin, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1924. Hakuanza na nyota. Alianza na maji machafu. Alikuwa mhandisi wa usafi wa mazingira, na tatizo lake lilikuwa hili: ukitaka kujua kama maji ya kunywa yana bakteria, kwa njia za wakati ule unangoja siku nzima au zaidi mpaka waote kwenye chombo, na wakati huo watu wameshakunywa. Levin akabuni njia ya haraka. Unawapa bakteria chakula kilichotiwa kaboni 14, yenye mnururisho. Wakiwepo watakula, wakila watatoa gesi, na gesi hiyo itabeba mnururisho ambao kipimo kinauona upesi. Mtu wa Rusizi anayejua kipindupindu ni nini hahitaji kuelezwa faida yake.

NASA wakaona: njia hii inaweza kupanda roketi. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kikatua Mirihi, na Septemba kikafuata cha pili. Ndani ya vyote viwili kulikuwa na jaribio la Levin, aliloliendesha pamoja na Patricia Straat. Mkono wa chombo ukachota udongo, ukadondoshewa matone ya chakula, na watu wakangoja. Gesi ikatoka. Wakachukua udongo mwingine, wakauchoma kwanza kwenye joto la digrii 160 kwa saa tatu ili kuua chochote kilichomo, wakarudia. Safari hii karibu kimya. Hivyo hivyo ndivyo ingekuwa kama udongo ule ungekuwa na viumbe.

Wasikilizaji, mngekuwa nyinyi, mngefanya nini? Mngepiga vigelegele. Lakini katika chombo kile kile kulikuwa na kifaa kingine cha kutafuta kemikali za kaboni, zile ambazo mwili wa kiumbe umejengwa nazo. Kikakuta hakuna. Viumbe wanaokula bila kuwa na miili! Wakuu wa sayansi wakahitimisha kwamba udongo wa Mirihi una kemikali kali iliyokivunja kile chakula, ikatoa gesi bila uhai.

Levin hakukubali. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikagundua pakloreti katika udongo wa Mirihi, chumvi ambayo ukiipasha moto pamoja na kemikali za kaboni inaziharibu. Maana yake kile kifaa kilichosema "hakuna" huenda kiliunguza chenyewe ushahidi kilioutafuta. Mwaka 2018 Curiosity ikathibitisha kwamba kemikali za kaboni zipo katika mawe ya kale ya Mirihi. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 95, Levin aliandika tena kwamba anaamini uhai ulipatikana mwaka 1976. Alifariki mwaka 2021 bila kubadili msimamo.

Mimi habari hii nimeitafakari sana. Inawezekana Levin alikuwa na haki. Hapo ndipo ukali wa kazi hii ulipo: utaratibu wa kusema "bado" unaweza kumfungia nje mtu aliyeona kweli. Lakini tazama upande wa pili. Pakloreti iliyomtetea Levin ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumpinga, kwa kuwa ikipigwa na mionzi inazaa kemikali kali za kuweza kuvunja chakula chake. Ushahidi mmoja, milango miwili. Mpaka apatikane mtu wa kuufunga mmoja, sayansi itakaa barazani. Inaumiza, lakini afadhali kukaa barazani kuliko kuingia nyumba isiyo yako.

Na kuna waliowahi kuingia nyumba isiyo yao. Habari hii inatuhusu sisi Waafrika Mashariki. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani karibu na Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, sehemu ambayo leo iko mkoa wa Songwe, Tanzania. Gramu 705 zilizookotwa, hazifiki kilo moja. Kwa macho ni jeusi, linamomonyoka, halina mvuto. Lakini ni la ukoo wa nadra kabisa: vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu duniani, na wataalamu waliuita ukoo mzima kwa jina la Ivuna. Kwa kemia yake, ukiacha gesi, jiwe lile linalingana na jua lenyewe. Ni tope la siku za kwanza za mfumo wetu wa jua.

Mwaka 1961 wanasayansi wawili wa New York, George Claus na Bartholomew Nagy, waliliweka chini ya hadubini pamoja na ndugu yake aliyeanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864. Wakaona maumbo madogo ya mviringo yaliyopangika vizuri, yakifanana na mwani. Wakachapisha katika jarida la Nature. Fikiria: jiwe la Ziwa Rukwa limebeba mabaki ya viumbe kutoka angani!

Kisha wakaja wenye kushuku. Edward Anders wa Chicago na mwenzake Frank Fitch wakayachunguza maumbo yale moja moja, na baadhi yakatambulika: chavua ya magugu, ile ile inayowapigisha Wamarekani chafya kila mwaka. Mawe yale yalikuwa yamekaa katika makabati na maabara za watu, na vumbi la dunia halibishi hodi. Mwaka 1964 Anders na wenzake wakafichua na jambo la kuchekesha zaidi: kipande kimoja cha Orgueil kilichofungiwa kwenye chupa tangu 1864 kilikuwa kimepachikwa mbegu za mmea na vipande vya makaa, vikagandishwa kwa gundi. Huenda mtu alitaka kumtania mwanasayansi wa zama zake, na mzaha ukalala chupani miaka mia.

Jiwe la Ivuna, hata hivyo, halikuaibika. Mwaka 2001 timu iliyokuwa na Pascale Ehrenfreund na Daniel Glavin ilichapisha vipimo vipya vilivyofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi: ndani ya Ivuna kuna asidi za amino, matofali ya protini, zilizotengenezwa huko huko angani bila uhai. Desemba 2020 Wajapani wakarudisha duniani gramu 5 na ushee za udongo wa kisayari Ryugu, zikiwa zimefungwa zisiguswe na hewa yetu. Walipofungua, walikuta udongo unaofanana na nani? Na Ivuna. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba humo kuna urasili, mojawapo ya herufi nne za RNA. Safari hii hakuna wa kusema ni chavua. Na hakuna aliyesema ni uhai. Wamesema matofali yapo, nyumba hatujaiona.

Nimesema ziwa letu ni shule. Lina somo jingine, na hili hunipa mawazo kuliko yote. Methani ya Kivu nyingi haifiki hewani. Inapopanda kutoka gizani na kukutana na oksijeni, kuna bakteria wanaoingoja pale mpakani na kuila. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ziwa hili, lenye hazina kubwa namna hiyo, huitoa kidogo sana juu ya uso wake. Uhai unatengeneza, uhai mwingine unakula, na juu panabaki shwari.

Sasa jiweke mahali pa mtafiti wa sayari nyingine anayetazama Cyangugu kwa darubini. Ataona ziwa tulivu, methani haba, ataandika kwenye daftari lake: hapa hakuna uhai. Kwa hiyo ukimya nao si ushahidi. Mwenye kusema "hakuna" anadaiwa vielelezo sawasawa na mwenye kusema "upo".

Na jambo hili limeshajaribiwa kwa dunia nzima. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikiwa njiani kwenda Mshtarii, kilipita karibu na dunia yetu. Mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakasema: tujifanye hatuijui sayari hii, tuipime kama ngeni. Wakakuta oksijeni nyingi. Wakakuta methani pamoja nayo, gesi mbili zisizodumu chumba kimoja isipokuwa kuna anayeziongeza kila siku. Wakakuta katika nchi kavu rangi inayomeza mwanga mwekundu, ambayo sisi tunaijua kuwa ni majani. Na kwamba kuna viumbe wenye akili walijua kwa nini? Kwa mawimbi ya redio. Si miji, si barabara, si mashamba. Redio! Mnaosema redio imepitwa na wakati, hiyo chukueni.

Najua kuna mzee hapo anatikisa kichwa: "Mwanangu, sisi tunahangaika na bei ya mbolea, wewe unatuletea Mirihi." Mzee wangu, haki yako. Lakini kumbuka Levin alitoka kwenye maji ya bomba, na kazi hii hurudi huko. Leza iliyonusa Mirihi ina ndugu zake hapa Rwanda: juu ya mlima Mugogo, kaskazini, kuna kituo kilichoanzishwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani, kinachopima methani na kabonidioksaidi katika hewa yetu usiku na mchana. Mmoja wa waliokijenga ni Dkt. Jimmy Gasore, Mnyarwanda aliyesomea shahada ya uzamivu huko huko MIT, akarudi, na mwaka 2023 akawa Waziri wa Miundombinu. Hakutafuta uhai angani. Lakini ustadi wa kutambua gesi chache ndani ya hewa nyingi, na kuuliza zimetoka wapi, ndio huo huo.

Na ziwa lenyewe limeshaingia katika vitabu vya fani hii. Upande wa Kongo, kaskazini magharibi, kuna Ghuba ya Kabuno. Pale oksijeni inakwisha mita kama 10 tu kutoka juu, na maji ya chini yana chuma kingi kilichoyeyuka, kama bahari za dunia zilivyokuwa zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla hewa haijajaa oksijeni. Mwaka 2015 watafiti walichapisha habari za bakteria wa Kabuno wanaotumia mwanga na chuma kujipatia riziki, mtindo unaodhaniwa kuwa wa kale kabisa. Anayetaka kujua sayari changa yenye uhai inafananaje, anakuja Kivu. Na huko chini kwetu Bugarama, maji ya moto ya Mashyuza yamejenga mawe ya chokaa kwa kudondosha madini yake miaka na miaka. Wanaochagua mawe ya kuchunguza Mirihi hupenda ya namna hiyo, kwa sababu madini yakidondoka juu ya vijiumbe huwafunika na kuwahifadhi.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akikuambia anataka kazi hii, usimcheke, wala usimnunulie picha ya roketi. Mpeleke kwenye kemia. Mpeleke kwenye biolojia ya vijiumbe. Mwambie aanze kwa kujua kwa nini kisima kimoja kina ladha ya chumvi na cha jirani hakina, kisha akueleze amejuaje, kisha umbishie. Akivumilia kubishiwa, ana kipaji. Akikasirika, mwelekeze kwenye siasa.

Wasikilizaji, siku moja redio hii au nyingine itatangaza kwamba uhai umepatikana huko nje. Septemba 2025 tulikaribia: watafiti wa gari la Perseverance walichapisha habari za jiwe la Mirihi lenye madoa kama ya chui, madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi hutokana na vijiumbe. Wenyewe wakaliita dalili inayowezekana, wakaishia hapo. Habari kama hiyo ikija, msiikatae wala msiishangilie. Ulizeni mambo matatu. Je, jiwe, maji na moto pekee vinaweza kutengeneza kitu hicho, kama methani inavyoweza? Je, kimetoka huko kweli, au tumekipeleka sisi, kama ile chavua ya magugu? Je, kuna mwingine, kwa chombo kingine, aliyekiona? Mkijibiwa yote matatu, nitakuja hapa mwenyewe kupiga vigelegele.

Mpaka hapo jibu ni "bado". Mtu anayeweza kulisema jibu hilo miaka 40 mfululizo, mshahara ukiingia, waandishi wa habari wakimbembeleza, na moyo wake mwenyewe ukitamani kusema "ndiyo", huyo kwangu amefanya kazi, hata akistaafu mikono mitupu.

Juma lijalo tunarudi nchi kavu: tutazungumzia mpunga wa Bugarama na bei yake. Mzee wa mbolea, usikose.